Malisho Yaliyovamiwa na Vichaka: Kutambua Chanzo Kabla ya Kushika Panga

Mwongozo huu unamlenga mfugaji ambaye amekwisha kufyeka vichaka kwenye malisho yake walau mara moja na hakupata alichokitarajia. Eneo ninalolifahamu ni nyanda kame za Kongwa na Mpwapwa, mkoani Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni kati ya milimita 400 na 600, nayo hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha ukame hutawala hadi mwisho wa mwaka. Wenzetu wa Kiteto, Kilindi na Handeni, na hata majirani wa Kajiado na Baringo nchini Kenya, watakuta humu mengi yanayofanana na ya kwao, kwa sababu mimea inayosumbua ni ileile au ni ya ukoo mmoja. Aliyeko Muheza au Lushoto, ambako mvua ni nyingi na nyasi hurudi zenyewe, atumie ushauri huu kwa uangalifu.

Ieleweke kwanza jinsi kichaka kinavyofika malishoni. Nyasi hunywa maji ya tabaka la juu la udongo na miti hunywa zaidi ya tabaka la chini, na kwa muda ambao nyasi ni nyingi, maji machache hupenya hadi chini. Mifugo ikizidi na nyasi zikaliwa hadi shinani mwaka hata mwaka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: maji huanza kuifikia mizizi ya miti, na moto wa kiangazi, ambao zamani uliunguza miche ingali michanga, hukosa cha kuunguza. Miche hupona, hukua, hufunika nyasi zilizosalia, na ndani ya miaka kumi au kumi na mitano eneo lililokuwa wazi hugeuka pori la miiba ambalo hata mbuzi hupita kwa shida. Kwa hiyo anayefyeka bila kubadilisha namna anavyochunga ameondoa kivuli tu, na chanzo amekiacha pale pale.

Kipimo cha kwanza cha kila tatizo lililoelezwa hapa ni jembe. Chagua chipukizi moja lililoota baada ya kufyeka, chimba taratibu kulizunguka hadi kina cha kiganja kimoja au viwili, kisha ufukue udongo kwa mkono uone limeshikamana na nini. Mimi nilifanya hivyo kwa mara ya kwanza baada ya msimu mzima wa kulaumu vibarua. Nilikuwa nimeona vichipukizi vitatu vya mtunduru vilivyosimama mbalimbali, cha kwanza hadi cha mwisho kama hatua mbili, nami nikadhani ni miche mitatu iliyoota kwa mbegu. Nilipofukua nilikuta mzizi mmoja mwekundu-kahawia, mnene kama kidole gumba, umelala sambamba na uso wa ardhi chini kidogo tu ya kiganja, na vyote vitatu vimeota juu yake kwa mstari kama nguo kwenye kamba. Kisiki mama kilikuwa upande wa pili wa njia ya ng'ombe. Tangu siku hiyo sikufyeka tena bila kuchimba kwanza.

Kichaka kilichofyekwa kinarudi kikiwa kinene kuliko awali

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi mhusika ni mtunduru, ambao sehemu nyingine huitwa mkulagembe na kwa jina la kitaalamu Dichrostachys cinerea. Ukifukua ukakuta mzizi uliolala kama nilivyoeleza, basi panga lenyewe ndilo lililouzidisha mmea huo. Shina linapokuwa hai huizuia mizizi ya pembeni isichipue. Shina likikatwa, kizuizi huondoka na kila kipande cha mzizi chenye akiba ya chakula huinua kichwa. Kisiki kimoja kinaweza kukupa vichipukizi kumi katika msimu mmoja, navyo huja vikiwa na miiba mirefu na migumu kuliko ya mti mkubwa.

Kosa linalozidisha hali hii ni la kalenda. Wengi wetu hufyeka Juni hadi Agosti, baada ya mavuno, kwa sababu vibarua hupatikana na miiba huonekana vizuri majani yakishapukutika. Wakati huo, hata hivyo, mmea umekwisha kuteremsha chakula chake chote mizizini kusubiri mvua, hivyo unachokata ni kuni, na akiba umeiacha chini bila kuigusa. Anayetegemea panga peke yake, bila dawa, anapaswa kukata pale mmea ulipotumia akiba hiyo kutoa majani mapya na bado haujairudisha. Kwa huku kwetu ni wiki za mwisho za Desemba na mwanzo wa Januari, majani yakishakunjuka yote. Kisha akate tena vichipukizi vitakavyofuata, na tena, kila vinapofikia urefu wa goti na kukamilisha majani. Ni kazi ya misimu miwili hadi mitatu, na anayeahidi kuimaliza kwa mmoja hajawahi kuifanya.

Hapa ndipo mbuzi wanapokuwa na thamani kuliko kibarua yeyote. Majani ya mtunduru ni chakula kizuri chenye protini, na vichipukizi vichanga ambavyo miiba yake haijakauka huliwa hadi shinani. Funga mbuzi wengi katika eneo dogo kwa siku chache hadi majani yaishe, waondoe, warudishe majani yakitoka tena. Mbuzi wachache walioachwa wazunguke eneo lote huchagua wanachokipenda na kuacha kingine kikue, na mwisho wa msimu mwenye shamba husema mbuzi hawafai kwa kazi hii. Kasoro ni kwamba mbuzi hawafikii majani yaliyo juu ya kimo chao wakisimama kwa miguu ya nyuma, kwa hiyo panga hutangulia na wao hufuata.

Anayetumia kiuagugu naye ana kalenda yake, tena ni kinyume cha ile ya panga. Dawa inayosafiri ndani ya mmea hufuata chakula kinakokwenda, hivyo hufika mizizini pale mmea unapoteremsha chakula, yaani Machi na Aprili majani yakiwa yamekomaa. Glaifoseti, ambayo ni mojawapo ya dawa hizo, ipakwe kwenye kisiki kibichi ndani ya dakika chache baada ya kukatwa, hasa kwenye duara la nje karibu na gome, kwa sababu hapo ndipo penye njia za chakula. Kisiki kikishakauka juu, dawa haiingii. Dawa za aina ya triklopiri huweza kuchanganywa na dizeli na kupakwa kwenye gome la sehemu ya chini ya shina lililosimama bila kulikata. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na usome kibandiko hadi mwisho. Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba baadhi ya dawa za kuua majani mapana, hasa zenye pikloramu, hupita katika tumbo la ng'ombe bila kuvunjika, na samadi ya ng'ombe huyo ikipelekwa kwenye shamba la alizeti, karanga au nyanya, huipinda mimea hiyo na kuidumaza. Mwenye malisho na shamba kwa pamoja asiikaribishe dawa hiyo nyumbani.

Kisiki kinatoa matawi mengi kama ufagio

Ukichimba ukakuta vichipukizi vyote vinatoka kwenye kisiki chenyewe na hakuna mzizi uliolala, tatizo ni jepesi kuliko lile la kwanza: kisiki kimekatwa juu mno. Miti mingi ya miiba ina macho yaliyolala kwenye sehemu ambayo shina hukutana na mzizi, na ukikata juu ya hapo umeyaamsha. Vibarua wanaolipwa kwa eka hukata kwa kimo cha goti kwa kuwa kuinama ni kazi, nami siwalaumu. Bei ya eka ndiyo huamua kimo cha kisiki. Mpatane kwa kisiki badala ya eka, na mkubaliane kwamba udongo utafukuliwa na mkato utafanywa chini ya makutano hayo kwa sururu na shoka.

Kwa mathenge, mti wa asili ya Amerika ambao sehemu nyingine huitwa mrashia, mkato unapaswa kuwa sentimita 10 hadi 30 chini ya uso wa ardhi, la sivyo utachipua tu. Wenzetu wa Baringo waliletewa mti huo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwa tiba ya uhaba wa kuni na jangwa, na baadaye wakaishtaki serikali yao, huku mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu akiletwa mahakamani kuwa ushahidi. Ukiuona mmoja kwenye malisho yako, usisubiri uone tabia yake.

Inafaa kusema kwamba nguvu hiyo hiyo ya kisiki tunayoilaani ndiyo inayotumiwa na wakulima wa Dodoma katika mpango unaofahamika kwa jina la Kisiki Hai, ambapo kisiki huchaguliwa, vichipukizi hupogolewa vikabaki vichache vilivyo imara, na mti hurudi bila kupanda mche. Kisiki cha mgunga au cha mkwaju kinachochipua katikati ya malisho kinastahili kutendewa hivyo kuliko kung'olewa.

Miche midogo imeota kwa maelfu mahali palipokuwa safi

Hapa jembe litakuonyesha mzizi mmoja ulionyooka kwenda chini, mwembamba, usioshikamana na kitu. Hiyo ni mbegu, na swali linalofuata ni kama ilikuwa ardhini tangu zamani au imeletwa. Vunja kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa kijiti. Mara nyingi utakuta ndani yake mbegu ngumu za kahawia zinazong'aa, nzima kabisa, kwa sababu ng'ombe na mbuzi hula maganda ya mtunduru na ya jamii ya migunga wakati wa kiangazi, na tumbo lao hulainisha gamba la mbegu badala ya kuiua. Miche ikiwa imesongamana kwenye madoa ya duara na kando ya njia za kwenda bwawani, basi mifugo yako ndiyo mpandaji.

Tiba ina sehemu mbili. Mifugo inayotoka kwenye pori lenye maganda, au iliyonunuliwa mnadani wakati wa kiangazi, ikae zizini kwa wiki moja ikilishwa kitu kingine kabla ya kuingia kwenye eneo lililosafishwa. Anayetaka kutumia maganda kama chakula, na ni chakula bora, ayasage mashineni hadi mbegu zivunjike. Kwa miche iliyokwisha kuota, subiri siku moja baada ya mvua kubwa, udongo ukiwa laini, uing'oe kwa mkono. Watoto watatu wanaweza kusafisha robo eka kwa asubuhi moja. Mwaka wa pili mkono hautoshi tena, na wa tatu utahitaji sururu.

Moto umepita, vichaka vimebaki

Moto uliopita ukaacha vichaka vikiwa vimeunguzwa majani ya chini tu ulikosa nyasi za kutosha. Ili moto wa malishoni uue sehemu ya juu ya kichaka huhitajika takriban tani 3 hadi 4 za nyasi kavu kwa hekta, na kuzipima si kazi ngumu: tengeneza fremu ya fito yenye upande wa mita moja kila pande, itupe mahali kumi tofauti bila kuchagua, kata nyasi zote zilizomo, zikaushe, uzipime kwenye mzani wa dukani. Wastani wa gramu 300 kwa fremu ni sawa na tani 3 kwa hekta. Malisho mengi ya huku yaliyovamiwa hayafiki hata theluthi ya hapo, hivyo anayetaka kutumia moto lazima kwanza apumzishe eneo msimu mzima, na ukiweza kulipumzisha msimu mzima huenda huhitaji moto kwa mwaka huo.

Hata moto mkali hauui mtunduru mkubwa. Hushusha kimo chake tu hadi mbuzi wanapoweza kumaliza kazi. Kuchoma bila kufuatisha mbuzi ni kurudi kwenye tatizo la kwanza. Wala usiwashe kabla ya kupata kibali cha serikali ya kijiji na kuwataarifu majirani, na kabla ya kulima mkuza wa kuzuia moto kulizunguka eneo zima. Upepo wa Agosti na Septemba huku Kongwa haumsubiri mtu achote maji.

Vichaka vimeondoka lakini ardhi imebaki tupu

Tatizo hili linastahili maelezo marefu kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linalompata mwenye bidii. Amefyeka, amechoma masalia, amesafisha hadi eneo linang'aa kama uwanja wa mpira, na mvua ikinyesha hakioti kitu isipokuwa mbigili.

Anza na maji. Chukua kopo la rangi au la maziwa lililokatwa juu na chini, ligongomee ardhini hadi kina cha vidole viwili, mimina maji ujazo wa bilauri, uhesabu. Maji yakiingia ndani ya dakika mbili au tatu, udongo wako hauna shida na unachokosa ni mbegu. Yakisimama robo saa huku yakibadilika kuwa tope jepesi, una ukoko, na hata ukimwaga gunia la mbegu litasombwa lote na mvua ya kwanza. Ukoko hutengenezwa na matone ya mvua yanayopiga udongo usio na kifuniko, kisha jua likaukaushe. Udongo mwekundu wa huku wenye mfinyanzi hukakamaa mithili ya tofali.

Hili si jambo la kubahatisha, kwa maana Kongwa ndipo lilipofundishwa kwa gharama kubwa kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapa mradi wake wa karanga, ikikusudia kusafisha zaidi ya eka milioni 3 za Tanganyika kwa mabuldoza, matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Vichaka viling'olewa, ardhi ikabaki wazi juani, nayo ikawa ngumu kiasi cha kuvunja majembe ya trekta wakati wa kulima na kuwatesa wavunaji wakati wa kuzichimbua karanga. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na sehemu ya ardhi hiyo ikaishia kuwa ranchi ya ng'ombe. Kwa hiyo mtu akikushauri ukodi buldoza ili umalize kazi kwa wiki moja, muulize atauweka wapi ule udongo wa juu wenye unene wa vidole viwili ambao sahani yake itausukuma pembeni pamoja na visiki, kwani mbegu zote za nyasi ulizorithi zimo humo.

Tiba ya ukoko ipo chini ya miguu yako, nayo ni yale matawi ya miiba uliyokuwa ukitaka kuyachoma. Yatandaze juu ya sehemu tupu, yakigusana na ardhi, yakilazwa kwa kukingama na mteremko. Matawi huvunja nguvu ya matone, hunasa vumbi, majani makavu na mbegu zinazopeperushwa, huwaita mchwa ambao hutoboa ukoko wakiyatafuna, na zaidi ya yote humzuia ng'ombe asitie mdomo wake pale chipukizi la kwanza linapotokeza. Kwenye mteremko ongeza makinga maji ya nusu mwezi, yaani vishimo vya duara nusu vyenye upana wa mita mbili au tatu, ukingo wake ukielekea chini, vikipishana kama magamba ya samaki ili maji yanayoponyoka kishimo cha juu yadakwe na cha chini.

Sababu ya tatu ya ardhi kubaki tupu ni haraka ya mwenye mifugo. Nyasi ya kudumu iliyoota Januari ina mizizi mifupi, na ng'ombe huivuta ikang'oka nzima. Ishike kwa vidole viwili uivute kwa nguvu ya kawaida: ikikatika majani, mizizi imeshika, ikija yote mkononi, bado. Mwaka wa kwanza eneo lisiingie ng'ombe hadi nyasi zitoe mbegu na kuzidondosha. Najua kauli hii ni rahisi kuandika na ngumu kutimiza kwa mtu mwenye ng'ombe thelathini na majirani wasio na uzio, na ndiyo maana nashauri kusafisha eka nne kwa mwaka badala ya arobaini. Mwaka wangu wa kwanza nilisafisha nyingi kuliko nilizoweza kulinda, na zile zilizobaki bila ulinzi ndizo nilizozirudia mara tatu.

Mbegu za nyasi zimepandwa, hazikuota

Nyasi inayofaa zaidi katika ukavu huu ni Cenchrus ciliaris, ambayo Kituo cha Utafiti wa Mifugo cha Kongwa kimekuwa kikiifanyia kazi kwa muda mrefu na ambayo wafugaji wengi huiita senkrasi tu. Isipoota, uliza kwanza mbegu ina umri gani. Mbegu iliyovunwa miezi miwili iliyopita bado imelala na haitaota kwa wingi hata ukiibembeleza. Iliyokaa ghalani pakavu miezi sita hadi mwaka mmoja ndiyo inayoota vizuri. Ijaribu kabla ya kuitupa shambani: hesabu vishada vya mbegu mia moja, vitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, vifunike, uangalie kwa siku kumi hadi kumi na nne. Vikiota ishirini au thelathini, panda. Vikiota vitano, rudi kwa aliyekuuzia.

Sababu ya pili ni kina. Mbegu hii haipaswi kufunikwa zaidi ya sentimita moja ya udongo, na anayeilima kwa jembe la ng'ombe ameizika. Zinatosha kilo 3 hadi 5 kwa hekta, na kwa kuwa vishada vyake vina manyoya na hushikana, vichanganye na mchanga mkavu au samadi iliyopondwa ili mkono utupe sawasawa, kisha buruta tawi la miiba juu yake. Sababu ya tatu ni sisimizi, ambao huvuna mbegu iliyotupwa mapema juu ya udongo mkavu; ukiona vishada vimepangwa kwa mstari kuelekea shimoni, umepata jibu.

Nyasi zipo nyingi, ng'ombe hawazigusi

Zimekomaa. Nyasi ndefu za kuezekea, zikishatoa suke, huwa na nyuzi nyingi na chakula kidogo, na ng'ombe hurudi kwenye madoa mafupi aliyoyala jana hadi ayaue huku marefu yakizidi kurefuka. Fyeka marefu kwa kimo cha shibiri moja mvua zikiwa bado zinaendelea, uzikaushe ziwe hei, yaani nyasi kavu za akiba, kisha ingiza ng'ombe wengi kwa siku chache katika kila kipande na kukipumzisha. Zikiwa ni nyasi za miba ya mkia, zile ambazo mbegu zake huchoma soksi na kupenya ngozi za kondoo, zifyekwe kabla hazijatoa suke.

Gugu geni limechukua nafasi ya kichaka

Ardhi iliyofukuliwa humpokea wa kwanza kufika. Mitunguja, yaani ndulele, ni dalili ya mifugo kulala au kukusanyika mahali pamoja muda mrefu. Hamisha zizi na mahali pa kunywesha, kisha ing'oe. Gugu karoti, ambalo limekwisha kusambaa Arusha na kwingineko, ni la hatari zaidi: maua madogo meupe, majani yaliyochanika kama ya karoti, na kila mche hutoa mbegu kwa maelfu. Ling'oe kabla halijachanua, ukiwa umevaa glavu na shati la mikono mirefu, kwa sababu huwasha ngozi na kuleta pumu kwa baadhi ya watu, na likiliwa na ng'ombe huharibu ladha ya maziwa. Kagua hasa mahali yalipopita magari ya mchanga na matrekta ya kukodi.

Lantana, ambayo wengine huiita mvuti, ni suala la daktari wa mifugo kabla ya kuwa la panga. Ng'ombe aliyeila kwa njaa huathirika ini, na baada ya siku chache ngozi yake, hasa kwenye mabaka meupe, kwenye pua na kwenye masikio, huvimba na kubanduka akikaa juani, na weupe wa macho yake huwa wa manjano. Mweke kivulini hata kama ni chini ya turubai, usimrudishe malishoni, na umwite mtaalamu siku hiyohiyo. Lantana iliyofyekwa na kuachwa imenyauka bado ina sumu, hivyo mirundo yake iwekewe uzio au ichomwe mahali ambapo mifugo haifiki.

Matairi yanatoboka, ng'ombe wanachechemea

Visiki vimekatwa mshazari. Panga huacha ncha kama mkuki, nayo hukauka ikawa ngumu kuliko msumari. Zirudie kwa msumeno, mkato uwe bapa na sawa na ardhi, na miiba ya mtunduru iliyoanguka isombwe kutoka kwenye njia za mifugo kabla nyasi hazijaificha.

Korongo limeanza kuchimbika

Umefyeka mahali pasipofyekwa. Kingo za mito zina ulinzi wa sheria, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na hata bila sheria, mizizi ya kichaka kibaya ndiyo iliyokuwa imeushika ule udongo. Shinyanga walikata miti kwa eneo kubwa wakati wa ukoloni ili kumwondoa ndorobo, yaani mbung'o, na ndorobo kweli alipungua, lakini ardhi iliharibika kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha miti hiyo, ukijengwa juu ya ngitili za Wasukuma, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Korongo changa lizibwe kwa matawi yaliyofungwa kwa fito kuanzia juu linapoanzia, si chini linapoonekana kubwa, na ukanda wa pande zote mbili uachwe uote chochote kinachotaka kuota.

Kabla ya kuangusha mti wowote mkubwa, muulize ofisa misitu wa wilaya, kwa kuwa baadhi ya miti, mpingo ukiwa mmojawapo, inahitaji kibali hata ikiwa imesimama kwenye ardhi yako. Acha pia miti ya kivuli iliyotawanyika, na usiondoe kikwata chote. Kikwata hufunga njia na kushika nguo kwa miiba yake iliyopinda, na nimekitoa kwenye sehemu kubwa ya shamba langu, lakini huchanua kiangazi kinapokaribia kwisha, wakati ambapo nyuki hawana ua jingine. Vishada vitatu nilivyoviacha upande wa mashariki vina mizinga sita, na ng'ombe wamejifunza wenyewe kuchungia mbali navyo.